Maneno ya Bi Thora

Kila Alhamisi jioni, watu wa Winnipeg walipokuwa wakigombea toroli na nafasi za kuegesha karibu na mlango wa duka kubwa, Ligaya Dimaano aliegesha mbali kabisa, kwenye kona isiyotakiwa na mtu, ili apate mahali pa kulia. Kwa dada yake, alikokuwa akiishi, kuta zilikuwa nyembamba na watoto walikuwa na masikio. Basi gari ndilo lililokuwa chumba chake. Aliisimamisha simu kwenye usukani, akavua kofia yake ya sufu ya manjano, na Bi Thora, mshauri nasaha wake, akatokea kwenye kioo. Kwanza alimwuliza yuko wapi, kama kanuni za kazi yao zinavyotaka, kisha yu hali gani.

Hali ilikuwa ileile. Mama yake alifariki kwao Batangas wakati makaratasi ya Ligaya ya kuishi Kanada hayajatoka. Angeondoka, asingeruhusiwa kurudi. Mazishi aliyatazama kwenye simu, picha ikikwamakwama, na mtandao ukakatika kabla jeneza halijashushwa. Sasa makaratasi alikuwa nayo, na nauli alikuwa nayo, lakini bado hakwenda. Alijua wazi kwamba hatapata usingizi wa maana mpaka asimame kwenye kaburi lile, na alijua kwamba peke yake hawezi. Jambo hilo hakumwambia mtu yeyote ila Bi Thora.

Alhamisi moja ya Novemba gari likagoma kuwaka. Alikuwa amezima injini huku amewasha kipasha joto na simu inachaji, na betri ikafa. Mtu akagonga dirisha. Alikuwa mrefu, ndevu zimeshika barafu, na ovaroli ya buluu ya karakana ya mabasi ilichungulia chini ya koti.

"Betri?" aliuliza.

"Nadhani."

"Mimi ilinikuta mwezi uliopita. Fungua boneti, dada." Alikuwa ameshakuja na nyaya zake. "Wako amemaliza?"

"Wangu nani?"

"Huyo wa kwenye simu. Usinikazie macho. Mtu haegeshi huku kwa sababu anapenda kutembea kwenye barafu. Mimi ni ile pikapu nyekundu pale, na mimi nina wangu, zamu yangu huwa baada yako. Nyumbani nina baba. Ni kiziwi kwa kila kitu isipokuwa siri."

Ligaya akacheka, kamasi zikamchuruzika, akaona aibu. Yule bwana akampa kitambaa.

"Ni cha karakana. Tumia upande huu, ule una grisi."

Jina lake lilikuwa Orest Pawluk. Alhamisi iliyofuata Ligaya alizunguka dukani bila kununua kitu mpaka Orest akamaliza, wakanywa kahawa ndani ya pikapu. Kabla ya theluji kukaa sawasawa walikuwa wanapigiana simu kutwa mara tatu.

"Umekula?"

"Nimekula, bwana mkaguzi."

"Nini?"

"Wali."

"Asubuhi wali, jioni wali. Kesho nakuletea perogi za baba, sambusa za kuchemsha zenye viazi. Ukizipenda usimwambie, atajivuna mwezi mzima."

"Na mimi nikuletee nini?"

"Jilete mwenyewe, bibie, inatosha."

Zaidi ya utani, Orest alikuwa na maneno. Siku Ligaya aliponyong'onyea, bila hata kueleza sababu, Orest alimwambia polepole, "Huzuni haifukuzwi, mpenzi. Ipe kiti ikae, itachoka yenyewe." Ligaya alihisi kama maneno hayo anayajua tangu zamani. Akaamini hiyo ndiyo dalili ya mapenzi ya kweli, mtu kusema kile ambacho moyo wako umeshakijua. Maskini, alikuwa na haki ya kuamini hivyo. Kwa miaka hakuna aliyekuwa amemsemesha kwa upole bila kuangalia saa.

Alhamisi moja kabla ya Krismasi alirudi mapema kutoka dukani na vikombe viwili vya kahawa. Vioo vya pikapu vilikuwa vimeingia ukungu, na Orest alikuwa ameteremsha cha upande kidogo ili apate hewa.

"Ipe kiti, Orest," sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani. "Ikae. Itachoka yenyewe."

Ligaya aliinama, akaona kwenye simu nywele nyeupe fupi na miwani iliyofungwa mnyororo. Ilikuwa ni Bi Thora. Kahawa ikamwagika kwenye theluji, naye akaingia garini kwake akaondoka.

Orest alimpigia jioni hiyohiyo.

"Mpenzi, nimekungoja mpaka miguu imekufa ganzi. Kuna nini?"

"Bi Thora hajambo?"

"Umemjulia wapi?"

"Ni mshauri wangu tangu mwaka juzi. Kila neno tamu ulilonipa, kumbe yeye ndiye aliyekupa. Una lako hata moja, Orest?"

"Sikujua ni wako. Hukuwahi kumtaja jina."

"Sikukuuliza hilo."

Akakata. Krismasi ilimkuta kwa dada yake katikati ya watu, tambi za pansiti mezani, shemeji anaimba kwa kipaza sauti, naye amejifungia bafuni na simu inayotetemeka mkononi asiipokee. Upweke ulimuuma kuliko mwaka wa msiba. Mwaka ule alikuwa hajajua kungojwa na mtu kunafananaje.

Januari alimwuliza Bi Thora moja kwa moja. "Orest anasema nini juu yangu?"

Bi Thora alivua miwani. "Siwezi kukuambia nani anakuja kwangu na nani haji, Ligaya. Ila kama imekuwa vigumu kuongea nami, naweza kukupa jina la mwenzangu."

"Na kama mimi na yeye sote ni wako, nani anabaki?"

"Hilo pia siwezi kulijibu."

Ligaya aliitazama pikapu nyekundu. Orest alikuwa ndani, amejiinamia, anangoja zamu yake. Aliwahi kumwambia kwamba baada ya kaka yake kufa alikuwa akilewa kila siku, na kwamba hizi Alhamisi ndizo zilizomweka hai. Mwenye kuhitaji zaidi alionekana hapohapo.

"Nipe jina la mwenzako," alisema.

Waliagana kwa kupungiana mikono, maana simu haikumbatiwi. Kisha Ligaya alivuka ile barafu, akafungua mlango wa pikapu, akaketi bila salamu.

"Nataka kukuambia kitu. Ukinijibu kwa maneno ya Bi Thora, nashuka."

Akamwambia yote: mama, makaratasi, mtandao uliokatika, kaburi ambalo hajaliona. Orest alifungua kinywa, akakifunga. Maneno yalimjia, na ilionekana wazi kwamba anayarudisha. Simu yake ikaanza kuita, zamu yake imefika, akaigeuza kifudifudi.

"Mimi ni fundi wa mabasi," alisema mwishowe. "Sijui hata makaburi ya kwenu yakoje. Kuna theluji?"

"Theluji, Batangas?" Ligaya nusura acheke. "Kuna jua. Na nyasi ndefu, kama hakuna aliyezifyeka."

"Machi nina likizo. Twende. Nitafyeka nyasi. Wewe utaongea naye, utalia, mimi nitakuwa nafyeka tu. Hiyo naiweza."

Ligaya aliufuta ukungu wa kioo kwa kofia yake.

"Shangazi zangu watauliza wewe ni nani wangu."

"Utawaambia nini?"

"Mume. Na mbele ya kaburi la mama siwezi kusema uongo."

Orest alivua kofia, akaikunjakunja mapajani. "Basi itabidi iwe kabla ya Machi."

"Niulize vizuri."

Akamwuliza vizuri, huku anagugumiza. Ligaya akakubali, kisha akaanza kulia, na safari hii mtu aliyekuwa akimtazama aliweza kumshika mkono.