Mpangaji wa Bi Mwanakheir

Ukipita Mkunazini asubuhi, harufu ya iliki ilikuamkia kabla ya watu. Matar alikuwa jikoni kwake, mwiko mkononi, anakoroga halwa ya kuuza. Halwa haitaki mtu mvivu. Ukiiacha kidogo tu, inashika chini.

Matar alitoka Mkokotoni. Yeye na mkewe, Kidawa, walipanga chini katika nyumba ya Bi Mwanakheir. Bi Mwanakheir mwenyewe alikaa juu. Mwaka ule alifiwa na mumewe, Bwana Hasan, akakaa eda kama desturi ya wajane. Alivaa nguo nyeupe, hatoki nje, wala haonani na wanaume wa kando. Kidawa ndiye aliyempandishia uji.

Siku za harusi kazi ilizidi. Matar aliosha sufuria zake za shaba pale pale mlangoni, na maji ya samli akayamwaga kichochoroni. Kidawa alimwambia mara nyingi aoshee uani, kwenye karo la kuoshea vyombo. Matar alijibu, "Jua litakausha." Lakini vichochoro vya mjini vina kuta ndefu, na jua lenyewe hupita mbio.

Ijumaa moja hamali aitwaye Borafya alipita na gunia la mchele kutoka Darajani. Akakanyaga samli, akaanguka, gunia likamlalia mkono. Mkono ukavunjika. Na mkono ndio shamba la hamali.

Baada ya siku chache mtumishi wa korti alileta samansi. Borafya alikuwa amemshitaki mwenye nyumba, kwa hiyo jina lililoandikwa halikuwa la Matar. Lilikuwa la Bi Mwanakheir.

Kidawa alishuka ngazi, macho mekundu.

"Matar, Bi Mkubwa analia. Anaitwa kortini, naye yumo edani."

"Mie nifanye nini? Nyumba si yangu."

"Na samli ilikuwa ya nani?"

Matar aliona aibu, na aibu ikamfanya mkali. "Nshasema, Kidawa. Aliyeshitakiwa ni mwenye nyumba."

Kidawa hakubishana. Alivaa buibui lake, akaenda kwa jirani yao, Bwana Msabah, aliyekuwa karani wa korti kabla ya kustaafu. Akarudi naye.

"Shikamoo, Bwana Msabah," alisema Matar, akiweka mwiko chini.

"Marahaba. Hebu nambie, ulipopanga hapa mulikubaliana nini?"

Matar alikumbuka vizuri. Walikaa barazani, wakanywa kahawa. Bwana Hasan akasoma mkataba kwa sauti, na yeye akatia kidole gumba.

"Tulikubaliana kuwa madhara yanayotokana na kazi yangu ni juu yangu. Na mwenye nyumba akishitakiwa kwa ajili hiyo, nimtetee na nimfidie. Lakini nilimwahidi Bwana Hasan, na Bwana Hasan keshakufa."

"Bwana Hasan alisema kwa niaba ya mkewe. Nyumba ni ya Bi Mwanakheir tangu zamani. Ahadi yako haikuzikwa na marehemu."

"Basi kumtetea ndiyo kufanya nini? Mie si wakili."

"Ni kutomwachia mzigo. Akiitwa kortini kwa jambo la jiko lako, wewe ndiye wa kulishughulikia. Akihitaji wakili, gharama ni yako. Na kumfidia maana yake, akitozwa chochote kwa ajili hiyo, umrudishie."

"Kwa hiyo hata dari ikianguka nalipa mie?"

"Hapana. Mulikubaliana juu ya kazi yako tu. Dari ikianguka kwa uchakavu, hilo ni lake. Ndiyo maana mtu asitie kidole gumba kabla ya kuuliza ahadi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Na jambo likitokea, mwambie mwenye nyumba mapema. Usingoje samansi."

Matar akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa nifanyeje?"

"Bi Mwanakheir akupe uwakala, usimame badala yake. Mengine ni kusema kweli."

Kusema kweli hakukuwa rahisi. Wateja wawili watatu walimshauri Matar aseme jiwe la mlangoni lilikuwa bovu, ili lawama zirudi kwa mwenye nyumba. Ushauri ule ulimvutia, kwa nini nikufiche? Lakini alilikanyaga jiwe lile kila siku. Lilikuwa zima. Akaamua hatamsingizia mjane.

Kidawa akampandishia Bi Mwanakheir karatasi ya uwakala, naye akaitia sahihi. Kisha Matar alikwenda Ng'ambo, nyumbani kwa Borafya.

"Samli ilikuwa yangu," alimwambia. "Pole yangu imechelewa, nisamehe."

"Pole hailishi watoto, bwana."

"Nnajua. Matibabu na chakula cha nyumba hii ni juu yangu mpaka mkono upone."

Borafya alimtazama sana. "Hayo ukayaseme mbele ya hakimu."

Siku ya kesi ilipofika, hakimu aliuliza, "Bi Mwanakheir yuko wapi?"

Matar alisimama. "Yumo edani, mheshimiwa. Mie ni mpangaji wake na wakala wake. Wa kujibu ni mie."

"Kuna wanaosema jiwe la mlango lilikuwa bovu. Ni kweli?"

"Lilikuwa zima. Maji ya samli niliyamwaga mie."

Borafya naye alikiri kuwa Matar alikwenda kwake na kumwahidi kumtunza. Hakimu akaamuru ahadi ile itimizwe, na Bi Mwanakheir akaondolewa katika kesi.

Ili kuitimiza, Matar aliuza sufuria moja ya shaba. Ilimuuma. Zilizobaki aliziosha uani, kwenye karo, na hakuna tone lililofika tena kichochoroni. Mkono wa Borafya ulipopona, alianza tena kupita na magunia yake, akitembea katikati ya njia bila ya woga.

Na siku zake zilipotimia, Bi Mwanakheir alitoka edani. Muda wote ule hakuwa amevuka kizingiti hata mara moja.