Gari la Mbele Halikusogea

Kila siku tukitoka shule siendi nyumbani moja kwa moja. Nakwenda kwenye kituo cha teksi nyuma ya soko, naingia kiti cha nyuma cha gari la Baba na kufanya kazi tulizopewa na mwalimu. Abiria akija nateremka, nakaa kwenye benchi la madereva mpaka Baba arudi. Wenzake humwita Msafi. Gari lake hulifuta vumbi mara tano kwa siku, hatukani mtu, havuti sigara, na saa ya sala haimpiti. Nilikuwa nalionea fahari jina hilo, mpaka siku liliponitia aibu nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kituo kina sheria isiyochezewa. Magari hupanga foleni, na abiria huchukuliwa na gari la mbele. Dereva wa mbele akisogea kumpisha wa nyuma, hurudi mwisho wa foleni. Dereva wa nyuma akichukua abiria kabla yule wa mbele hajaondoka, husimamishwa kazi wiki nzima. Sheria hiyo ilitungwa mwaka juzi, baada ya madereva kushikana mashati mbele ya abiria.

Siku hiyo Baba alikuwa amefika mbele baada ya kusubiri tangu asubuhi. Nilikuwa nahangaika na hesabu za sehemu niliposikia mwanamke akipiga kelele, "Teksi! Teksi!" Nikainua kichwa. Alikuwa Mama Nukta, amembeba binti yake mgongoni.

Nukta nakaa naye dawati moja. Tulimpa jina hilo kwa udogo wake, na yeye mwenyewe hulicheka kuliko sisi. Ana pumu. Mchana ule alikuwa ameomba ruhusa amfuate mama yake kazini, maana dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Sasa midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na kila pumzi aliivuta kwa mabega. Mama yake ni mhudumu wa baa. Alikuwa bado na sare ya kazini, nayo imelowa kifuani.

"Hospitali, kaka yangu, upesi!"

Baba alinusa, akauzuia mlango kwa mkono. "Samahani, dada. Gari hili haliingii pombe. Dini yangu hainiruhusu."

"Pombe ipi? Mteja amenimwagia nikikimbia! Mimi hata tone sinywi. Mtoto anakata roho!"

"Tafuta gari jingine."

Nikafungua mlango wa nyuma. "Baba, ni Nukta! Nukta, ingia!"

Baba akaubamiza mlango. "Nyamaza! Haya ni mambo ya wakubwa."

Mama Nukta akakimbilia gari la pili. Dereva wake ni mzee anayeitwa Kobe, kwa sababu hata baiskeli humpita barabarani. Kobe akatoa kichwa dirishani. "Msafi, sogea basi nimchukue mimi!"

"Nikisogea narudi mwisho," Baba akajibu. "Nimekaa hapa tangu asubuhi. Asubiri. Nikipata abiria wangu nitaondoka, nawe utamchukua."

Asubiri! Nukta anapigania pumzi, na baba yangu anasema asubiri! Hataki kumbeba, wala hataki kupisha. Damu ilinichemka. Sisemi uongo, dakika ile nilimchukia baba yangu. "Baba, una roho mbaya!" nikasema kwa sauti, kituo kizima kikasikia. Sikuwahi kumwambia neno kama hilo tangu nizaliwe. Nilisubiri kofi, lakini Baba alitazama mbele tu kama hakusikia.

"Potelea mbali!" Kobe akafoka. Akawaingiza Mama Nukta na mwanawe, akakata usukani na kuondoka kwa kasi ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Siku nyingine madereva wangemtania. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mngedhani yameishia hapo. Thubutu! Baba alitoa simu akampigia Mwenyekiti wa kituo kushtaki kwamba Kobe ameruka foleni.

Mwenyekiti ni mzee mpole anayesali na Baba safu moja. Alifika akakaa kwenye benchi, akamsubiri Kobe. Saa nzima ikapita. Kobe aliporudi, niliuliza kabla mtu mzima yeyote hajafungua mdomo, "Nukta je?"

"Amewekewa hewa, anaendelea vizuri. Daktari amesema tungechelewa kidogo tu, asingekuwa na la kufanya."

Nilianza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Mwenyekiti akamgeukia Baba. "Haya, Msafi. Sema."

"Mimi nimejiajiri," Baba akasema. "Gari langu, mafuta yangu, imani yangu. Nani wa kunilazimisha?"

"Hakuna. Ukiletewa kreti za bia, kataa. Hata mimi nakataa, maana mzigo unakatalika. Lakini mtu si mzigo, tena mgonjwa! Haya, tuseme kweli dini haikukuruhusu kumbeba. Je, dini hiyohiyo ndiyo iliyokukataza kurudi mwisho wa foleni?"

Baba akaanza kulifuta gari vumbi.

"Jibu. Tunasali pamoja, labda siku ya somo hilo mimi nilisinzia."

Dereva mmoja akacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Nafasi," Baba akasema chinichini. "Sikutaka kupoteza nafasi."

"Basi usimsingizie Mungu. Anayekataa jambo kwa ajili ya imani yake, hasara huibeba mwenyewe. Wewe ulitaka imani iwe yako, hasara ibebwe na mtoto wa mwenzio. Kuanzia leo, anayekataa abiria asogee papo hapo, na mgonjwa hakataliwi na yeyote." Akashusha pumzi. "Na wewe, Kobe, umevunja sheria. Wiki nzima."

"Si haki!" nikapiga kelele.

Baba akainua mkono. Nilidhani ananinyamazisha tena. "Mwenyekiti, wiki hiyo niandikie mimi," akasema. "Nilipaswa kusogea."

Aliliacha gari pale pale, tukaenda hospitali kwa miguu. Njia nzima nilitembea hatua kadhaa nyuma yake. Hasira ilikuwa bado haijaniisha.

Mama Nukta alikuwa ameketi nje ya wodi na sare yake ileile. Baba akasimama mbele yake, mikono nyuma. "Nimekukosea, dada yangu. Nakuomba unisamehe."

Mama Nukta akainuka.

"Msamaha nitautafuta, kaka yangu, lakini leo sinao," akasema. "Nilipokuja kwenye gari lako sikukuuliza unasali wapi. Nilikuambia hospitali. Siku nyingine mtu akikujia na mgonjwa, muulize swali moja tu: hospitali ipi?"

"Nimesikia, dada," Baba akajibu.

Kisha Mama Nukta akanishika bega, akanifungulia mlango wa wodi. "Ingia, mwanangu. Ameamka, na tangu aamke anakuulizia wewe."