Sauti Aliyoipunguza

Cheka, mkwe wangu. Cheka mpaka jino la mwisho lipate hewa. Umeniuliza mwenyewe: "Shangazi, wewe uliyeishi karibu na ufukwe, hii ditekta ya kutafutia vyuma ardhini inarekebishwaje kwenye mchanga mbichi?" Nikakwambia irudishe ulikoitoa, ina jini. Ukacheka mpaka chai ikakutoka puani. Haya, futa pua ukae kitako. Mkeo nimemlea mimi, na sikumlea aje aolewe na mtu asiyesikia anaposemeshwa.

Huo mpini unauona ulivyozungushiwa mpira mwekundu? Ni mpira wa baiskeli ya marehemu mume wangu. Niliukata kwa mkono wangu nikampa jirani, fundi redio, kwa sababu jasho lilikuwa linamtelezesha.

Huyo Fundi tulikuwa naye ukuta mmoja. Nyumbani kwao walikuwa yeye, mkewe mshonaji, mama yake, kaka yake mkubwa ambaye alikuwa hajaoa, na binti mdogo wa Fundi tuliyemwita Kasuku, maana mdomo wa mtoto yule Mungu aliusahau kuuwekea swichi ya kuzimia. Redio zilipoacha kuletwa, Fundi akahamia kwenye ditekta. Asubuhi maji ya bahari yakitoka, anavaa hedifoni, anashuka ufukweni kutafuta pete na hereni zilizoachwa na waogeleaji. Kaka mkubwa anamfuata nyuma na koleo, kazi yake kuchimba na kumtania.

Sasa sikia, maana ndiyo uliyouliza. Mchanga wa kule ni mweusi, una chembe za chuma. Ukipitisha sumaku inaota ndevu. Ongeza maji ya chumvi juu yake. Mashine ikipita hapo inalia kama paka aliyekanyagwa, na chini hakuna hata pini. Basi lazima uizoeshe. Unasimama mahali pamoja, unainua ile sahani ya chini ya mpini, unaishusha, unainua, unaishusha, huku unazungusha kitufe taratibu mpaka kilio kiishe. Ni kama unaiambia: huu ni mchanga, usinisumbue nao. Kama bado inaropoka, unaipunguza masikio kwa kitufe cha pili. Lakini kabla ya yote uhakikishe mahali hapo ni patupu. Chochote kilichopo chini wakati unaizoesha, nacho itakihesabu mchanga. Utapita juu yake mpaka uzeeke, haitakuambia.

Fundi aliyajua hayo. Alimfundisha hata Kasuku, na Kasuku akatufundisha mtaa mzima, tutake tusitake.

Siku moja Fundi akarudi peke yake. Kaka yuko wapi? Akasema waliachana barabarani, kaka kapanda lori la mchanga kwenda kutafuta kazi. Mama akasema, "Bila kuaga?" Kweli, kaka mkubwa alikuwa mtu wa kuaga, akafika kwenye kona, akarudi kufuata kofia, akaaga upya. Fundi akasema alikuwa na haraka. Na mama akaanza kumwekea mwanawe chakula kila jioni, sahani imefunikwa, pale mwisho wa meza. Nilimwona Fundi akila huku amegeuzia uso ukutani. Akiulizwa, anasema shingo inamuuma. Mama akilia, yeye ndiye wa kwanza kuvaa viatu kwenda kwa madereva wa malori kuulizia, na anarudi na salamu: wamemwona, mzima, anafanya kazi. Salamu za kutengeneza mwenyewe njiani. Alikonda mpaka mkanda ukamzunguka kiuno karibu mara mbili.

Ndipo bomba likanyamaza.

Mkewe alinigongea mchana. "Dada, njoo usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Ndiyo hivyo. Hakuna cha kusikiliza."

Maji yalikuwa yanatoka bombani, yanaanguka kwenye ndoo ya bati, ndoo inajaa, inafurika. Kimya. Yanaanguka kama kitambaa. Nikapiga ndoo teke, kidole kikaniuma, ndoo haikusema kitu. Halafu nikasikia harufu ya mwani uliooza, na chini ya mlango wa Fundi palikuwa na ukanda mwembamba wa mchanga mweusi, mbichi, kana kwamba mtu kaufagia ukaingia ndani.

Ikafuata kengele ya geti. Ikafuata cherehani ya mkewe: sindano inapanda na kushuka, nguo inashonwa, na kelele yote ya cherehani haipo. Wakaita mganga, jibaba lenye sauti ya kutisha ng'ombe. Akafukiza, akasimama katikati ya chumba, akafungua mdomo. Mdomo ukaenda, mishipa ya shingo ikamtoka, sisi hatukusikia hata pumzi. Akajishika koo. Akaokota mfuko wake akatoka mbio, na sauti yake ikamrudia huko mbele ya duka, kwa matusi.

"Limekaribishwa!" alikuwa anapiga kelele. "Hilo jini limekaribishwa na mtu wa humo humo!"

Mama akamtazama Fundi. Fundi akatazama viatu vyake.

Halafu likamfikia Kasuku. Tulikuwa tumekaa uani tunachambua maharage, mama, mkewe Fundi na mimi, tunasemezana kwa kunong'ona kama watu walio kwenye nyumba ya mgonjwa, na mchana wote tukadhani mtoto yuko ndani amelala, maana hatukumsikia, na nani amewahi kutomsikia Kasuku akiwa macho, mpaka jua lilipoanza kushuka mkewe Fundi akainuka kuchota maji, akafunua pipa tupu lililokuwa nyuma ya mgongo wangu mimi mwenyewe, karibu kiasi cha kuliegemea, akamkuta mtoto ndani yake amekunjamana, amelowa jasho, ngumi zimevimba kwa kupiga bati, mdomo wazi, anatuita kwa majina yetu wote, tunaona midomo inavyoita, bibi, mama, bibi jirani, na sauti hakuna, hakuna hata ya kupumua.

Mkewe Fundi alipiga yowe ambalo na lenyewe lilikatika katikati.

Fundi alitoka chumbani na mashine begani, anakimbia kwenda kuitupa. Hedifoni zilikuwa zinaning'inia, na kutoka humo tukasikia kitu kidogo, chembamba kama mbu. Akasimama. Akaziweka masikioni. Nimeona watu wakifa, mkwe wangu, na hakuna aliyekuwa na uso ule. Kila kitu kilikuwa mle, alitusimulia baadaye. Maji ya bombani yanapiga ndoo, cherehani, kengele, Kasuku analia pipani bado analia, na chini ya vyote hivyo mwanamume mmoja.

"Unasikia nini?" mama akauliza.

"Ni mashine tu, mama. Inaropoka."

"Nimekuuliza unasikia nini."

Akakaa chini, palepale kwenye maharage.

"Kaka," akasema. "Hakupanda lori, mama. Tulikuwa wote. Pale kijito kinapoingia baharini, mchanga laini. Mimi nilikuwa mbele. Nikasikia kelele kwenye hedifoni, nikadhani ni chumvi. Nikapunguza. Ikarudi. Nikajua ni yeye, nikasema ananitania, si unamjua, kila siku anajifanya amezama ili nivue hedifoni. Na nilikuwa nimepata mlio mzuri mama, mlio wa dhahabu. Halafu akaniita kwa jina la utotoni." Akafuta uso. "Hakuwahi kulitumia kwa utani. Nilijua. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho."

Mama akamwinua uso kwa kidevu, amalize.

"Nilipogeuka koleo lilikuwa limesimama peke yake, maji yamelifikia. Nikapitisha mashine pale nitafute mkanda wake, ule wenye kichwa cha chuma. Ikanyamaza kimya. Nikajiambia basi hayupo. Labda ametoka. Labda kweli amepanda lori."

Mkewe akauliza polepole, "Ulikuwa umeizoesha wapi?"

"Pale pale, kabla ya kuipitisha."

"Juu yake?"

"Juu yake."

Asubuhi, maji ya bahari yalipotoka, tulishuka wote. Mkewe kambeba Kasuku mgongoni. Koleo nilibeba mimi, maana kati yetu mgongo wa maana ulikuwa wangu. Fundi akaizoesha mashine upya juu kabisa, kwenye mchanga mkavu mweupe usio na kitu. Akataka kuvaa hedifoni.

"Zichomoe," mama akasema. "Na masikio ya mashine yafungue yote. Tusikie wote."

Tulipokanyaga mchanga mweusi ile mashine ilipiga kelele nywele zikanisimama. Kila hatua kilio, kila wimbi kilio, chumvi inalia, chuma kinalia, na Fundi mkono unamwendea kwenye kitufe wenyewe na mama anaupiga kofi, tembea, anasema, tembea humo humo, tukatembea ndani ya kelele ile mpaka sikujua tena kama ni mashine inayolia au ni mimi, mpaka pale kwenye mdomo wa kijito, ndani ya kilio chote kile, ikasema kama mtu. Haikupiga mlio. Ilisema, kwa sauti ya kaka mkubwa, ya kuchoka:

"Mdogo wangu, sitanii."

Nikachimba. Mchanga ulikuwa unalishika koleo kama mtu anayelivuta upande wa pili. Kichwa cha mkanda kikatokea, chekundu kwa kutu, kisha funguo, kisha mkono, na mkono ule ulikuwa mzima kama wa mtu aliyelala jana. Fundi akaudaka akavuta. Haukuja. Shimo likajaa maji meusi, yakafukuta, na kutoka chini pakapumua kitu kikubwa, kikasema bila mdomo:

"Nilipewa."

Fundi akaachia. Ndiyo, aliachia, sikufichi. Mama yake akapiga magoti kwenye tope, akaushika ule mkono, akainamia maji mpaka pua ikagusa.

"Aliyekupa hana haki ya kutoa. Wa kwangu huyu. Nilimzaa mimi. Lete."

Bahari ilikaa kimya kwa kitambo, kweli kimya, na mawimbi yanavunjika. Halafu mchanga ukalegea kama ngumi inayofunguka. Na nyuma yangu sauti ikasema:

"Bibi jirani, umenimwagia mchanga kwenye kiatu."

Sijawahi kufurahi kulalamikiwa kama siku ile.

Tukamzika kaka mkubwa vizuri. Mashine tuliitupa kwenye lile shimo, betri tukaitoa, tukalifukia. Bomba likaanza kupiga kelele, cherehani ikaanza, Kasuku hakunyamaza tena mpaka alipoolewa.

Fundi yupo hai. Kila asubuhi anasimama mbele ya mama yake, anasema, "Shikamoo mama." Mama anaendelea kufagia. Mwanzo tulisema ni hasira. Nikamjaribu mama mimi mwenyewe: nikadondosha sindano nyuma yake, akageuka. Mtoto akikohoa chumba cha tatu, anauliza nani mgonjwa. Fundi akamsemesha sikioni kabisa, akalia, akaomba, mama hakupepesa jicho. Kama ni jini limebaki au ni mkono wa mama mwenyewe ulio kwenye kitufe, mimi sijui, wala Fundi hajui, na anaingia kila asubuhi kujaribu tena.

Haya. Umesema umeiokota ufukweni baada ya mawimbi makubwa. Hukujiuliza mashine iliyolala kwenye chumvi miaka yote hiyo, bila betri, inawakaje? Na umesema asubuhi uliizoesha hapo uani, unainua unashusha, mlango wa jikoni. Nani alikuwa anapita hapo mlangoni?

Nakuuliza hivyo kwa sababu tangu nianze hadithi hii mkeo anakuita. Mwanzo alikuita uje umsaidie sufuria. Nikadhani unanipa heshima ndiyo maana hugeuki. Sasa anaita kwa namna nyingine.

Husemi kitu? Unanitazama mdomo tu.

"Shangazi," unaniambia, "mbona umenyamaza? Malizia basi."

Sijanyamaza, mwanangu. Limeanza na mkeo, sasa limenifikia na mimi. Nimekwambia na dawa yake: ifungue masikio yote, utembee ndani ya kelele. Lakini hilo nalo hujalisikia.

Basi nainuka. Naingia jikoni, namshika mkeo mkono uliochubuka kwa mvuke, natoka naye kupita mbele yako. Na mlango naubamiza kwa nguvu zangu zote, mpaka chokaa inadondoka.

Hugeuki.