Kipimo cha Jumamosi

Pauline Nyangi alikufa Alhamisi asubuhi, siku ya tatu baada ya kuwekewa figo mpya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na tisa. Kaka yake Boaz, aliyemtolea figo hiyo, alilazwa chumba cha pili, mshono ubavuni bado mbichi. Hakuna aliyekuja kumwambia. Alijua aliposikia mama yake akipiga mayowe.

Akapigia polisi simu akiwa kitandani. Inspekta Mong'ina, mpelelezi wa jinai, akafika hospitali hiyo ya kibinafsi nje kidogo ya Rongo.

"Madam, wananiambia ni mapenzi ya Mungu," Boaz alisema. "Mimi nimekatwa hapa na mtu. Huyo mtu aje anieleze."

Mwanapatholojia wa serikali aliyepasua maiti hakuzungusha maneno.

"Mshipa wa figo mpya uliziba kwa damu iliyoganda. Bonge jingine likapanda mapafuni, likamuua. Alikuwa na lupasi?"

"Ni nini hiyo?"

"Kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Ndiyo iliyomaliza figo zake. Wagonjwa kama hawa hupandikizwa, na wengi huishi vizuri. Lakini unasubiri kwanza ugonjwa utulie kwa miezi kadhaa. Na unapima kama damu yao huganda ovyo, ili uwape dawa ya kuizuia. Huyu hakupewa hata tone."

Mong'ina akadai faili. Daktari Gordon, mpasuaji na mwenye hospitali, alimletea mwenyewe. Kipimo cha mwisho kilisema ugonjwa umetulia, damu haina neno. Kilikuwa cha Jumamosi, siku tisa kabla ya upasuaji, na sahihi ya Nyamongo, mtaalamu wa maabara.

Nyamongo hakuwepo. Alikuwa amepewa likizo Alhamisi ileile. Mong'ina alimkuta kwake Oyugis, akimkatia ng'ombe majani.

"Hii sahihi ni yako?"

"Inafanana na yangu, afande."

"Ni yako ama si yako?"

Nyamongo aliisoma karatasi, akarudi kwenye tarehe. "Jumamosi? Mimi ni Msabato. Miaka sita pale sijagusa mashine Jumamosi hata moja. Maabara hufungwa."

"Pauline ulimpima lini?"

"Ijumaa. Ugonjwa ulikuwa umepamba moto. Na damu yake ilikuwa ya kuganda. Nilimpelekea daktari majibu mkononi, nikamwambia huyu mama asubiri."

"Akasemaje?"

"Akaniambia kazi yangu ni kupima."

"Na mgonjwa? Ulimwambia?"

Nyamongo aliinamisha kichwa. Mong'ina alitamani kumzaba kofi. Alikunja ngumi, akaificha mfukoni.

"Majibu ya kweli yako wapi?"

"Alichana karatasi. Lakini mashine inaweka kila kitu."

Kweli, mashine ilikuwa imeweka. Kesho yake mchana, Daktari Gordon aliketi chumba cha mahojiano kituoni Migori, majibu mawili yamelazwa mbele yake: ya Ijumaa na ya Jumamosi.

"Nani aliandika hili la pili?"

Gordon aliisukuma karatasi kando.

"Daktari, nimekuuliza."

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimepandikiza wagonjwa kumi na tisa. Wote wako hai. Mwezi ujao kuna mkutano wa madaktari, nimealikwa kuzungumza. Nilitaka wa ishirini awe mwenye lupasi. Huku kwetu nilijua hakuna aliyejaribu."

"Kwa hivyo ulighushi."

"Ugonjwa ungechukua miezi sita kutulia. Mkutano haungenisubiri."

"Mbona hukumpa hata dawa ya damu?"

"Wauguzi wangeuliza kwa nini, na faili ilisema damu ni safi."

Mong'ina alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Miaka miwili Pauline alisafishwa damu Homa Bay, mara mbili kwa wiki! Alifunza watoto huku mkono umejaa alama za sindano! Unadhani miezi sita ingemshinda? Ungemwambia tu!"

"Ningemwambia, angeahirisha."

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo aliacha kuandika.

Gordon alifunika uso kwa viganja. "Mwambieni kaka yake figo ilikuwa nzuri. Haikuwa na kasoro yoyote."

"Sitamwambia chochote," Mong'ina alisema. "Utamwambia wewe, kizimbani, mama yao akisikia." Akamgeukia koplo. "Andika. Kila neno."