Tundu la Waya wa Mwavuli

Kila Jumamosi asubuhi, Exaucée, msichana wa miaka kumi na miwili, huosha gari la mama yake uani kwao, mtaa wa Katoyi. Vumbi jeusi la volkano halina adabu. Linaingia milangoni, vitini, hata masikioni. Jumamosi moja, akiwa na haraka ya kwenda kucheza, alichukua waya wa mwavuli uliovunjika, akachokoa kokoto zilizokwama katika wavu wa chuma wenye vijibomba vyembamba, mbele ya injini. Kitu kikalia fsss. Akautupa waya, akanyamaza kimya.

Tangu siku hiyo kiyoyozi cha gari hakikutoa baridi tena. Mdogo wake, Luc, ana pumu. Wakifungua vioo, vumbi linaingia. Wakivifunga, joto linawachemsha. Kwa wiki mbili Luc alikwenda shule akikohoa, na kila kikohozi kilimchoma Exaucée moyoni.

Mama yao, Sidonie, karani wa ofisi moja mjini, si mtu wa kukaa akilalamika. Kila jioni alipita kwa fundi wa magari, Kamate, akatazama, akauliza, akaandika daftarini. Jumamosi ya tatu alirudi na kopo la gesi ya kiyoyozi, ambacho kwao hukiita klim, na mpira wenye kipimo cha mshale.

"Leo klim tutaijaza hapa kwetu," alisema, akivaa miwani na glavu. "Musimame mbali, watoto. Hii gesi inaunguza na baridi yake."

Exaucée alimtazama kwa fahari. Mama aliwasha injini, akafungua kiyoyozi hadi mwisho, akachomeka mpira kwenye bomba la shinikizo dogo, lenye kifuniko cha herufi L, kopo likiwa wima. Mshale ukapanda taratibu hadi kwenye sehemu ya kijani. Kisha ukaanza kushuka.

"Kamate aliniambia, ukishuka hivi, gesi inatoka mahali," mama alisema. Akachukua povu la sabuni, akaanza kupaka mabomba moja moja, kuanzia nyuma ya injini. Mshale uliendelea kushuka. Kopo lilikuwa moja tu.

Exaucée alinyoosha kidole mbele ya gari. "Mama, funga gesi. Usitafute huko. Ni mbele, kwenye wavu. Ni miye njo nilitoboa, na waya ya mwavuli."

Mama alifunga koki. Akapaka povu mbele, viputo vikachomoza. Exaucée alisubiri kugombezwa, lakini mama alilitikisa kopo tu.

"Nusu imebaki," alisema.

Fundi Kamate aliweka wavu mwingine, akanyonya hewa yote iliyoingia mabombani kwa mashine yake. Jumamosi iliyofuata mama alijaza tena kwa mikono yake, akiongeza kopo la pili, na safari hii Exaucée ndiye aliyeshika kipimo.

"Mama, imefika kijani. Inatosha."

Mshale ukatulia pale pale.

Jumatatu walikwenda shule vioo vyote vikiwa vimefungwa.

"Lile tundu lilikuwa dogo sana, binti yangu," mama alisema akiendesha. "Fundi alilimaliza siku moja. Kilichomkohoza mudogo wako wiki mbili ni kunyamaza kwako. Kila mutu anakosea. Siku ingine ukikosea, uniambie siku ileile."

"Ndiyo, mama."

Nyuma, Luc alijikunyata kwenye sweta yake. "Mama, punguza klim. Nasikia baridi."

Exaucée hakuwahi kufurahi hivyo kumsikia Luc akilalamika.