Aliyeiba Droo ya Juu

Jumatatu asubuhi kompyuta kuu ya kiwanda cha minofu ya sangara pale Igogo ilikutwa imezima. Droo yake ya juu haipo. Palibaki tundu jeusi, kama pengo la jino katika kinywa cha mtu uliyemzoea.

Inspekta Teodora alichuchumaa mbele ya tundu lile asiguse kitu. Alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwili, mwepesi wa macho. Nyuma yake Koplo Chenge alikuwa akipaka unga wa alama za vidole kwenye kitasa.

"Mlango haukuvunjwa, afande."

"Dirisha?"

"Nondo ziko sawa."

"Basi aliingia kwa ufunguo, akafunga akaenda zake. Mwizi mwenye adabu."

Meneja, Bwana Khalidi, alikuwa akitembea huku na huku kwenye korido. Kiwanda kilikuwa na mwekezaji sasa, si cha serikali tena, na mwekezaji hasikii mambo ya kesho.

"Ndege inaondoka leo bila mzigo wetu," alisema. "Minofu imejaa kwenye majokofu na lebo hazitoki. Ulaya hawapokei boksi lisilosema samaki wake alipakuliwa mwalo gani, siku gani. Mashine hii ndiyo inayojua."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu. Namjua. Revocatus, fundi wangu mwenyewe. Kiwanda cha jirani kimemnunua."

"Umemwona?"

"Nani mwingine anajua kuitoa hiyo droo?"

Revocatus alikuwa ameshapelekwa kituoni asubuhi hiyo hiyo, kwa simu ya meneja. Kosa lililoandikwa lilikuwa hujuma. Ni kosa linalomla mtu ujana wake wote.

Teodora alimgeukia mwanamke aliyekaa kwenye kona, mikono mapajani. Huyu alikuwa Bi Zakia, mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Aliletwa kuihamisha hifadhidata ya kiwanda, yaani kumbukumbu zote za samaki na wavuvi, kutoka toleo la zamani la programu kwenda toleo jipya. Toleo la zamani, walisema, lingechanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia.

"Kazi mlimaliza lini?"

"Jumamosi, afande. Jumapili tulikuwa tunakagua."

"Kwenye hiyo droo kulikuwa na nini?"

"Diski. Zamani ndiyo iliyobeba kila kitu. Majedwali yote, faharasa, kila badiliko, vyote vilirundikwa humo."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna kitu cha maana. Toleo jipya linagawa. Majedwali tuliyashusha droo ya pili. Faharasa na kumbukumbu za mabadiliko ziko ya tatu. Hii ya juu tuliiacha iwe uwanja wa mashine kuchambulia vitu vya muda. Inapanga, ikimaliza inafuta."

Teodora alisimama polepole, magoti yakalia.

"Kwa hiyo mwizi wetu ameiba ungo, nafaka akaiacha stoo."

"Ndivyo hivyo. Lakini bila huo ungo mashine haiwaki. Mpaka nipate diski nyingine Dar."

"Wewe ungetaka kukiumiza kiwanda hiki, ungechukua ipi?"

"Ya pili," Zakia alisema bila kufikiri. "Na kanda yenye nakala ya akiba iliyo kabatini. Hiyo hata haikuguswa."

Mtandio wake ulikuwa umening'inia kwenye kiti cha Revocatus. Zakia aliona macho ya inspekta yamefika pale.

"Chumba hiki kina baridi ya mashine," alisema. "Niliusahau jana."

Jina la pili kwenye midomo ya watu kiwandani lilikuwa Antoni, karani. Kabla Revocatus hajachaguliwa kufundishwa na Bi Zakia, Antoni alishajinunulia hadi shati la kazi hiyo. Kila mtu alijua.

"Ulimwonea wivu Revocatus?" Teodora alimuuliza.

"Nilimwonea, afande. Hata leo. Usiku nikilala namwona yeye na ile kalamu yake ya mfukoni."

"Unajibu upesi."

"Nikificha utaambiwa na wapishi. Lakini Jumamosi mimi ndiye niliyewashikia tochi taa za chumba zilipozimika. Niliona kila kitu kinahama. Ningeiba, ningeiba ya pili." Akacheka kidogo. "Wivu wangu si mjinga kiasi hicho."

Chenge alitaka kumkamata papo hapo kwa ulimi wake. Teodora akamzuia.

"Mwache. Anasema kweli, na kweli yake inatusaidia. Aliyeiba aliujua mpango wa zamani, akaukosa mpya. Sasa nitajie mtu wa namna hiyo."

Koplo akaanza kuhesabu majina kwa vidole.

Kituoni, Revocatus alitolewa mahabusu bila mkanda, bila viatu. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu.

"Ufunguo wa kile chumba unakaa wapi?"

"Juu ya fremu ya mlango, mama. Ni mazoea mabaya, najua."

"Nani anajua?"

"Bi Zakia. Antoni."

"Jumapili mchana mlikuwa wapi?"

"Kwa Bwana Khalidi, tunapiga simu Dar. Ya kiwandani ilikuwa imekufa. Kulikuwa na jambo kwenye toleo jipya limetushinda. Tulifunga chumba, tukaenda, hatukurudi tena."

"Mlikula huko?"

"Hatukula. Huwa mke wangu ananiletea chakula kiwandani. Jumapili hakuleta."

Teodora akavuta kiti karibu.

"Hebu nieleze ile mashine ya zamani. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Uso wa kijana ukafunguka kidogo. "Rahisi, mama. Jedwali ni kama meza iliyoandaliwa. Wewe unaona sahani na mabakuli yamepangwa, lakini chakula hakizaliwi mezani, kinatoka stoo. Stoo ndiyo diski. Sasa zamani stoo ilikuwa debe moja, droo ya juu. Mahindi humo, maharage humo, chumvi humo. Ukitaka maharage unafukua."

"Unaeleza vizuri. Nani kakufundisha?"

"Mke wangu. Nilikuwa nikitoka kazini lazima nimweleze nilichofanya, na hakubali neno asilolielewa. Basi nikawa namwambia kwa vitu vya jikoni."

"Na toleo jipya? Umemwelezaje?"

Revocatus alitazama sakafu.

"Hilo sijamweleza."

Teodora alirudi kiwandani, kwa mlinzi wa lango, Mzee Ndalahwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumapili nani aliingia baada ya fundi kutoka?"

"Hakuna mtu. Nimeshawaambia askari wako."

"Hata mwenye chakula?"

"Ah. Huyo si mtu wa kutaja, ni Mama Mayala, mke wa fundi. Alikuja na kikapu. Nikamwambia mwenzio katoka na yule mama wa Dar, akasema atamwachia chakula ndani. Baadaye akatoka, akanipa mimi. Ugali na samaki sato wa nazi. Nilikula mpaka nikalegea."

"Chakula chote alikupa?"

"Chote, na hotpoti akaniambia nimrudishie mwenyewe kesho." Kitu kilimpita usoni. "Lakini kikapu alikibeba kwa mikono miwili."

Nyumba ya Revocatus ilikuwa Mabatini, chumba na sebule juu ya mawe. Walikuta pamefungwa. Hawakukaa sana, mwanamke akapandisha njia ya mawe, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Alipowaona hakushtuka. Alitua ndoo, akanyoosha mkono juu ya fremu ya mlango, akachukua ufunguo.

Chenge alimtazama inspekta. Inspekta alikuwa anamtazama mtoto.

"Shikamoo, mama," Sabina, mke wa Revocatus, alisema. "Karibuni ndani."

"Marahaba. Mume wako ameshikwa, Mama Mayala."

"Nimesikia."

"Mbona hukuja kituoni? Wake za watu hufika na chupa ya chai kabla hatujafunga mlango wa mahabusu."

Sabina alimfungua mtoto mgongoni, akamkalisha kwenye mkeka. Mikono yake ilitafuta kazi nyingine, ikakosa.

"Anasema Jumapili hukumpelekea chakula," Teodora aliendelea. "Mlinzi anasema ulipeleka. Kati yao hakuna mwongo. Ulikwenda, hukumkuta, na nyumbani hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Droo zilikuwa tatu. Kwa nini ya juu?"

Mtoto alikuwa anapiga kifuniko cha sufuria.

"Kwa sababu kila kitu kimo humo," Sabina alisema.

"Nani alikwambia?"

"Revo. Alikuwa ananiambia yote. Hata jinsi ya kuitoa, unabana hapa, unavuta. Alinionyesha siku moja nimempelekea uji, akaniambia hii ndiyo roho ya kiwanda."

"Lini hiyo?"

"Kabla hajaja yule."

Teodora alishusha sauti, kama anayeongea na binti yake. "Hakukwambia kwamba Jumamosi walihamisha kila kitu? Ile uliyochukua ilikuwa tupu, mwanangu."

Machozi yakamjia Sabina, si kwa ajili ya kukamatwa.

"Unaona," alisema. "Hata hilo hakuniambia."

Aliinuka mwenyewe, akafungua debe la mahindi, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akaitoa diski ikiwa imefungwa kwenye kanga, akamkabidhi Chenge.

"Eleza," Teodora alisema. "Lakini ujue nitaandika."

"Andika. Tangu huyo mama afike, mume wangu akawa bubu. Anarudi, anakula, anatazama ukuta. Nikimuuliza, habari za kazi, ananijibu nzuri. Nzuri tu, mama, mtu aliyekuwa anaongea mpaka taa inaisha mafuta. Jirani akaniambia, mwanaume akinyamaza nyumbani ujue anasemea kwingine. Neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki, ukimeza mate linachoma. Jumapili nikapika sato vizuri. Nikasema leo nitawaona. Nimefika, wametoka. Nimeingia, vikombe viwili, na mtandio wake uko kwenye kiti cha mume wangu. Kwenye kiti chake. Nikauweka puani, nikasikia manukato."

"Ndipo ukavuta droo."

"Nilitaka kazi yao iharibike tu. Yule mama aonekane hajui, arudishwe Dar. Revo arudi kuwa wangu. Sikujua watamshika yeye. Asubuhi walipokuja kumchukua nilitaka kusema, ulimi ukawa jiwe."

"Angefungwa."

"Najua. Nilikuwa nachota maji najiambia nikimaliza ndoo hii nitakwenda. Nikamaliza, nikachukua nyingine."

Teodora alifunga kalamu. Alishakamata wanaume waliochinjana kwa shamba na hakuwahi kukosa usingizi. Huyu alijua atamkosesha. Maana kila alichokidhania binti huyu kingemalizwa kwa swali moja mezani, na jirani yule aliyempa neno alikuwa nyumbani kwake saa hiyo anapepeta mchele, hana kesi.

Kwenye kaunta ya kituo walikutana. Revocatus alikuwa anavaa mkanda, Sabina anavua hereni ili aziandikishe. Bwana Khalidi alikuwa amekataa kufuta kesi, maana ndege ilishaondoka bila mzigo.

"Ulininyamazia," Sabina alimwambia mumewe. "Ulikuwa unanieleza kila kitu, ukanyamaza. Yule akawa anajua, mimi sijui."

Askari wa zamu akajifanya anatafuta karatasi.

"Nilikuwa sielewi, Sabina," Revocatus alisema. "Lile toleo jipya lilinishinda. Bi Zakia alinirudia jambo moja mara chungu nzima kama mtoto wa darasa la kwanza, na Antoni anasikia. Nikirudi nyumbani, ningekueleza nini? Wewe ndiye pekee uliyekuwa unaniona ninajua."

Sabina alimpa mtoto juu ya kaunta, akamwekea na kitambaa begani.

"Usiku anakohoa," alisema. "Mlaze ubavu. Na uji wake upoze kwanza, usimpe kwa haraka."

"Sawa."

"Ukishindwa, muulize mama yako. Usinyamaze."

Askari akafungua mlango wa mahabusu ya wanawake, Sabina akaingia bila kusukumwa.