Shangazi Alilia Miezi Miwili

Jamani, nyumba ya marehemu fundi saa mnaikumbuka. Jumamosi asubuhi, sisi wengine tukiwa bado na mswaki mdomoni, boneti la gari lake jeupe lilikuwa limeshafunguliwa uani. Gari lile aliliita Shangazi. Alisema halikosi lawama, lakini likifika kila mtu anafurahi. Mkewe alitoa ndoo na matambara, binti akaongeza maji kwenye rejeta, na mtoto wa kwanza akapima oili. Kisha mzee aliwasha injini, akainua kidole.

"Kimya! Tumsikilize Shangazi."

Basi watu wote wananyamaza, hata mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Baada ya muda mzee anauliza mmoja mmoja: umesikia nini? Siku moja yule mtoto wa kwanza, ana miaka tisa tu, alisema, "Baba, kuna kitu kinafanya tiki, tiki, kama saa mbovu." Kumbe mkanda wa feni ulikuwa umeanza kuchanika! Mzee alimbeba mabegani akazunguka naye mtaa mzima, anatangaza, "Huyu ana sikio! Huyu ndiye mrithi wangu!" Raha iliyoje siku hiyo.

Miaka ikaenda, mzee akatangulia mbele ya haki. Mrithi alishakuwa kinyozi mwenye duka lake, na Shangazi akawa wake. Mwanzoni alifuata nyayo za baba. Lakini Jumamosi ndiyo siku yenye vichwa vingi, ninyi wenyewe ndio mnaojazana pale. Akaruka Jumamosi moja, akaruka ya pili, boneti likawa halifunguliwi tena. Kuosha hakuacha, lakini. Gari liling'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Akalinunulia vitambaa vipya vya viti, na redio yenye spika mbili kubwa kule nyuma.

Na hapo dukani kwake, mnajua, kila mwenye kichwa ni makenika. "Magari ya zamani hayafi, chuma kile!" anasema mmoja. "Ukilipeleka gereji ndiyo unalitafutia ugonjwa," anadakia mwingine. Mmoja akapigilia msumari: "Gari likikupigia kelele, wewe ongeza redio!" Wakacheka mpaka wembe ukasimama. Kinyozi naye alicheka, kisha akaenda kufanya hivyohivyo.

Aliyekuwa hacheki ni mama yake.

"Mwanangu, Shangazi analia. Kila ukikanyaga breki, analia."

"Vumbi tu hilo, mama."

"Vumbi gani linalia kama chuma? Nimekaa na baba yako miaka thelathini na nane, usinifundishe vumbi."

"Basi nitampeleka kwa Fundi Spana wiki ijayo."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Mama akarudia, mwana akaongeza redio. Huo ni mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili mama alichoka kusema, akawa anakaa kiti cha mbele ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mdharau mwiba mguu huota tende, ndugu zangu, na mguu wenyewe wakati mwingine si wako.

Jumanne moja asubuhi alikuwa anampeleka mama kliniki ya macho. Mnaujua ule mteremko wa kushukia kwa wachoma matofali. Katikati ya mteremko kinyozi alikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini kama amekanyaga uji. Akakanyaga tena. Hakuna kitu! Akavuta hendibreki, nayo ikaja mkononi kama kamba iliyokatika. Mbele yao watu walikuwa wanavuka barabara na mikokoteni. Alichoweza ni kukata usukani, na Shangazi akaenda kuuvaa ukuta wa tanuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu wetu akabomoa hata wa mwenzake.

Sasa sikilizeni hili. Ukuta umeanguka, kioo kimemwagika, upande wa mama umebonyea, lakini redio haikuzimika. Iliendelea kupiga muziki kwa nguvu zake zote. Kinyozi alikaa ameduwaa, haelewi kitu, mpaka mchoma matofali mmoja alipoingiza mkono dirishani akaizima. Ndipo akamsikia mama yake. Kumbe muda wote ule alikuwa anamwita kwa jina.

Goti la mama lilivunjika vibaya. Fundi Spana, rafiki wa mzee tangu ujana, aliinama chini ya gari akainuka na uso mzito. "Pedi za breki zimeisha siku nyingi. Chuma kimekula chuma mpaka mafuta ya breki yamemwagika yote. Huyu amelia miezi miwili, mwanangu. Hukumsikia?"

Kinyozi alilia kama mtoto. Hospitalini alipiga magoti kando ya kitanda, akingoja kutukanwa. Mama alimshika sikio taratibu, akasema, "Nami nilijua wewe ndiye mwenye sikio." Afadhali angemtukana.

Siku hizi Jumamosi duka linafunguliwa saa nne, mteja apende asipende. Shangazi ametengenezwa. Pale palipokuwa na redio pamebaki tundu, na halizibwi. Mama anakaa kwenye kiti uani, mwana anafungua boneti, anawasha injini na kuinua kidole. Wanasikiliza kama zamani, wawili tu. Halafu mama anainuka kurudi ndani, na kabla hajafika mlangoni anauliza, "Umesikia nini leo?"

"Injini ni nzima, mama," anajibu.

Lakini anachokisikia, na atakachokisikia maisha yake yote, ni fimbo anayotembelea mama siku hizi, ikigonga saruji ya uani: ngo, ngo, ngo.

MAFUNZO

Gari halikumbuki ulivyolisugua, linakumbuka ulichokipuuza. Likilia, zima redio ulipeleke kwa fundi leo, maana wiki ijayo haina breki. Na mzazi akikwambia "nasikia kitu", nyamaza kwanza, usimjibu vumbi. Wewe ndiye unayeshika usukani, lakini hukai peke yako ndani ya gari.